Nilikodi kwa ajili ya Sinatra, nikanasa kwa baba mtu

Ijumaa iliyopita nilikodi mtandaoni Come Blow Your Horn, komedi ya mwaka 1963, na sababu ilikuwa moja tu: Frank Sinatra, mwimbaji na mwigizaji wa Marekani. Niliwahi kuinunua kwenye diski mtaani, ikakwama dakika ya 40, muuzaji akanishauri niipanguse kwa shati. Safari hii picha ilitulia na rangi zinawaka kama kanga ya juzi. Fleti anamoishi Sinatra humu ndani utaitamani. Si bure filamu iliteuliwa kuwania Oscar ya upambaji.

Sinatra ni Alan Baker, kapera wa New York. Kazi anayo, kwenye kampuni ya baba yake ya matunda ya bandia, ila huonekana huko akijisikia. Muda wake mwingi unakwenda kwenye kuwapanga wanawake wasikutane mlangoni. Mdogo wake Buddy, aliyefikisha miaka 21 na kuchoka kulelewa, anawaachia wazazi barua na kuhamia kwa kaka. Kaka anamfunda: suti, vinywaji, maneno ya kusema. Kuna kipande wanazunguka madukani huku Sinatra akiimba wimbo wenye jina la filamu. Hapo ndipo nilipopata nilichokifuata. Baada ya hapo steringi akawa mwingine.

Nilikuwa naangalia na mama, amekuja kutoka Tanga kukaa nami wiki mbili. Kiingereza hakimpandi, kwa hiyo nikawa mkalimani. Akaingia baba mtu, Lee J. Cobb, mzee wa sauti nzito, akamwita mwanawe "bum". Nikatafuta neno.

"Anamwita mhuni, mama."

"Kafanya nini?"

"Hajaoa."

Mama akageuza shingo taratibu, akaniangalia mimi, si televisheni. Nina miaka 36. Kuanzia hapo hakuhitaji mkalimani, kila mzee alipofoka, yeye anaitikia "enhee!"

Na kweli mzee huyo anastahili. Cobb anapandisha hasira kama maziwa jikoni, unaona kabisa yanakuja, na bado yakimwagika unashtuka. Mama wa vijana ni Molly Picon, aliyekuwa nyota wa michezo ya jukwaani ya Kiyidi, lugha ya Wayahudi wa Ulaya Mashariki, miaka mingi kabla ya hapa. Huyu hafoki. Analalama, na kila lalamiko lina ndoano. Kuna wakati anabaki peke yake fletini, simu zinalia, anataka kuandika ujumbe wa watu na penseli haipatikani. Mwanamke mmoja na simu, basi, lakini nilirudisha nyuma mara 2.

Filamu haikutangazii kwamba hii ni familia ya Kiyahudi, na jina Baker halikusaidii. Utaisikia kwenye wazazi. Neil Simon, aliyeandika mchezo wa jukwaani uliozaa filamu hii, alikulia kwenye familia ya Kiyahudi hukohuko New York, na kisa alikitoa kwake na kwa kaka yake Danny. Ulikuwa mchezo wake wa kwanza Broadway, kwenye kumbi kubwa za maigizo za New York, mwaka 1961. Nadhani ndiyo maana wazazi wamechongwa vizuri kuliko wapenzi: hawa alikuwa anawajua.

Kasoro zipo. Cobb alimzidi Sinatra miaka 4 tu, na ukikaza macho unaona mtu na rika lake wakiitana baba na mwana. Peggy, jirani wa ghorofa ya juu anayetaka kuwa mwigizaji, anadanganywa kwamba Buddy ni prodyuza wa Hollywood, nasi tunatakiwa tucheke. Sikucheka, nilimwonea huruma binti wa watu. Katikati pia kuna vipande vinavyovuta, unaweza kwenda kuchemsha chai usipitwe na kitu. Ila usimkose Dean Martin, mwimbaji rafiki wa Sinatra, anapita mara moja tu, kama mtu aliyekosea nyumba.

Pesa yangu siidai. Mwishoni Alan anamwoa Connie, mmoja wa wale wapenzi wake, na fleti na mambo yake anarithi Buddy. Mama akauliza, "Na huyo mdogo, nani atamwozesha?"

Nikamwambia filamu imeisha.

"Ya kwao," akasema, akaenda kulala.