Swift A-Frame ya greni 300 kwenye .375 H&H: risasi ya kwanza kwa mbogo

Awe anatoka Mwanza na leseni ya mbogo kuelekea Pori la Akiba Maswa, au ni askari wa wanyamapori aliyeitwa kwenye kijiji cha Ukerewe ambako kiboko anamaliza mpunga, swali huwa moja: abebe kaliba gani, yaani bunduki ya risasi ya ukubwa gani? Kwa kaliba jibu ni fupi. Kwa wanyama hatari hapa Tanzania .375 ndiyo ndogo kuliko zote zinazokubalika, na kwa watu wengi ndiyo inayotosha. Kazi iko kwenye kichwa cha risasi, kile kipande kinachoruka na kumwingia mnyama, na hapo ndipo wengi wanabahatisha kwa kununua boksi lolote lililopo dukani.

Kaliba yenyewe kwanza, kwa haraka. .375 H&H Magnum ilitolewa na Holland & Holland wa London mwaka 1912. Inarusha kichwa cha greni 300, yaani gramu 19.4, kwa mwendo wa karibu mita 760 kwa sekunde. Ganda lake, lile linaloshika baruti na kichwa, ni refu na linapungua unene taratibu kuelekea mdomoni, kwa hiyo linaingia na kutoka kwenye chemba (chumba cha risasi nyuma ya mtutu) kwa ulaini hata mtutu ukiwa wa moto. .30-06 yenye kichwa cha greni 180 inamtosha swala, nyamera na nyumbu, lakini bega la mbogo dume wa kilo 700 haliiwezi kwa uhakika. .416 Rigby na .458 Winchester Magnum zina nguvu zaidi, hilo halina ubishi, ila teke lake, yaani bunduki inavyorudi nyuma begani, linahitaji mtu aliyezoea. Mpigaji anayeogopa teke hufumba macho na kunyakua kifyatulio, risasi ikashuka tumboni, na mbogo aliyepigwa tumboni kwa .458 bado anakimbia kilomita nyingi na kwenda kukusubiri kichakani. Afadhali .375 iliyotulia begani.

Sasa A-Frame, inayotengenezwa na Swift wa Kansas, Marekani. Ukikata kichwa chake kwa msumeno kutoka ncha hadi kitako, utaona umbo la herufi H: kuta mbili za shaba na kizuizi cha shaba katikati. Vyumba vyote viwili, cha mbele na cha nyuma, vimejazwa madini ya risasi, na yale ya mbele yameshikamanishwa na ukuta wa shaba kiasi kwamba hayabanduki. Ikigonga nyama, sehemu ya mbele hufunguka kama uyoga hadi kwenye kizuizi, kisha inasimama hapo. Nusu ya nyuma inabaki nzima na kuusukuma ule uyoga ndani. Kwa kawaida kichwa kinachotolewa kwenye mzoga huwa bado na zaidi ya asilimia 90 ya uzito wake, na juu ya kitako kuna uvimbe mdogo, alama ya kizuizi kilichofanya kazi.

Linganisha na risasi laini ya kawaida, koti jembamba la shaba lenye madini ya risasi ndani bila kizuizi wala kushikamanishwa. Kwa swala haina tatizo. Kwa mbogo, ikikuta mfupa wa bega kutoka mita 40, koti linachanika na kubaki njiani, madini yanasagika vipande, na kinachofika kwenye mapafu ni makombo. Jeraha la juu linatisha kwa macho, damu nyingi kwenye majani mita 100 za kwanza, halafu hakuna kitu. Wasoma nyayo wanaijua hali hiyo na hawaipendi. Risasi za namna hii ni rahisi kwa bei; kwa mbogo usizinunue.

Mpinzani halisi wa A-Frame ni Barnes TSX, ambayo yote ni shaba tupu yenye tundu kwenye ncha. Inafunguka petali nne na inazama ndani kuliko A-Frame. Uzuri huo ndio pia udhaifu wake. Mbogo akiwa kwenye kundi, TSX inaweza kutokea upande wa pili na kumjeruhi jike aliyesimama nyuma, na hapo una wanyama wawili wa kufuatilia na leseni ya mmoja. A-Frame, kwa sababu uyoga wake ni mpana, mara nyingi husimama chini ya ngozi ya upande wa pili. Gharama ya hilo ni kwamba unapata tundu moja tu la kutolea damu, na tundu la kuingilia likiwa juu, damu inajaa kifuani badala ya kudondoka chini. Kwenye vichaka vya migunga hilo linauma. Hata hivyo kwa risasi ya kwanza kwenye kundi, uamuzi wangu ni A-Frame. Kwa dume mzee aliye peke yake, TSX ni sawa kabisa, na kwa pofu (yule swala mkubwa) aliyekaa pembe mbaya pengine ni bora.

Chini ya A-Frame, kwenye magazini, weka risasi ngumu: zile za shaba nyeupe au shaba nyekundu tupu zisizofunguka, zenye pua bapa. Pua bapa inakwenda moja kwa moja ndani ya mwili. Pua ya duara ina tabia ya kupinda njia ikikuta mfupa. Hizi ni za risasi ya pili na kuendelea, mnyama akiwa amegeuka na anaondoka, pale ambapo risasi lazima ipite tumbo lililojaa majani mabichi kabla ya kufika kifuani. Usianze nazo kwenye kundi.

Kabla ya kutoka mjini kuna mambo ya kufanya na boksi, na hapa ndipo makosa mengi hutokea. Angalia namba ya toleo iliyogongwa kwenye kila boksi la risasi 20; zote ziwe namba moja, kwa sababu toleo tofauti linaweza kupiga mahali tofauti. Safisha mtutu, kausha mafuta, kisha piga moja ya kuuchafua, maana risasi ya kwanza kutoka mtutu wenye mafuta haiendi zinakokwenda nyingine. Rekebisha darubini kwa A-Frame kwenye mita 100 mpaka risasi tatu zikae ndani ya sentimeta 5. Halafu piga risasi ngumu tatu bila kugusa darubini, kwenye mita 50 na tena mita 100. Zikiwa zimetofautiana na A-Frame kwa zaidi ya upana wa kiganja kwenye mita 100, badilisha aina ya risasi ngumu, kwa kuwa porini hutakuwa na muda wa kukumbuka hesabu. Greni ziwe 300 kwa zote mbili.

Kisha pitisha kila risasi utakayobeba kutoka magazini hadi chembani, mtutu ukielekea mahali salama. Pua bapa hukwama kwenye ukingo wa chemba kwa baadhi ya raifo, na ni bora ujue ukiwa uwanjani. A-Frame ina ncha ya madini laini. Teke la bunduki huzigonga zilizobaki magazini na kuzibapaza. Kwa mita 80 haina madhara, ila ukiona ncha imepinda upande mmoja, iweke kando kwa mazoezi. Shaba ya A-Frame na ya TSX hujipaka ndani ya mtutu, kwa hiyo baada ya risasi kama 20 tumia dawa ya kuondoa shaba, si mafuta peke yake.

Unyevu wa Ziwa Victoria ni adui mwingine. Risasi zikiachwa kwenye mkanda wa ngozi, ganda huota ukungu wa kijani pale linapogusana na ngozi. Ukiukwangua unaacha vishimo, ukiuacha ganda linang'ang'ania chembani. Zihifadhi kwenye boksi lake la plastiki, na mkanda uwe wa siku ya kuwinda tu. Kwa anayesafiri na ndege, kikomo cha kawaida ni kilo 5 za risasi kwa abiria. Risasi moja ya .375 ina zaidi kidogo ya gramu 40, hivyo maboksi matano yanaingia bila shida.

Mahali pa kulenga: mbogo akiwa ubavu, fuata mguu wa mbele kwenda juu na usimame theluthi moja ya kimo cha kifua. Moyo wake uko chini kuliko wengi wanavyodhani, na kosa la kawaida ni kupiga juu mno. Hapo A-Frame inavunja mfupa na kuendelea.

Kwa kiboko mambo yanabadilika. Akiwa nchi kavu usiku, A-Frame begani inafanya kazi kama kwa mbogo. Akiwa majini kinachoonekana ni macho, masikio na pua, na shabaha ni ubongo: kutoka ubavuni, chini kidogo ya sikio. Hapo risasi ngumu ndiyo ya kwanza. Hatari kubwa ni maji yenyewe. Risasi inayogusa maji kwa pembe ndogo haizami, inaruka na kuendelea mbali sana, na kwenye ghuba zetu kuna mitumbwi ya dagaa na ya sangara muda wote. Usipige ukiwa umelala usawa wa maji. Panda kwenye mwamba au ukingo wa juu ili risasi iteremke, na hakikisha nyuma ya kiboko kuna ukingo wa udongo. Kama nyuma ni ziwa wazi, subiri atoke.

Akipigwa sawasawa atazama papo hapo, na mwili kwa kawaida huelea baada ya saa moja au mbili, maji yakiwa baridi hata zaidi. Mtumbwi wenye injini na kamba nene viwe tayari kabla ya kufyatua. Ukipiga jioni, upepo wa usiku kutoka nchi kavu utausukuma mzoga ndani ya ziwa, na asubuhi utautafuta katikati ya magugumaji pamoja na mamba.