Nani Anaharibu Tamthilia za Kihindi? Nimeshika Saa, Nimehesabu

Haya, karibuni tena wapendwa. Kama leo ndiyo mara yako ya kwanza kupita hapa, jiunge na ubonyeze kengele, maana nina jambo limenikaa kooni tangu Jumatatu. Wazoefu mnajua hapa tunachambua ving'amuzi, simu na spika. Leo bidhaa ni maandishi. Ule mwongozo wa tamthilia ya Kihindi unaotufanya tulipie kifurushi kila mwezi ni bidhaa kama bidhaa nyingine, na ikitufikia mbovu tuna haki ya kuuliza kiwandani kulitokea nini.

Sitaeleza tamthilia ya Kihindi ni kitu gani. Zee World ipo kwenye ving'amuzi tangu 2015, na hapa mtaani hakuna asiyeijua Twist of Fate, ambayo kwao inaitwa Kumkum Bhagya. Jumba kubwa, ukoo mzima chini ya paa moja, mama mkwe, mkamwana, rangi nyekundu kwenye njia ya nywele. Twende.

Tazameni hapa. Nimesimamisha tableti, na pembeni yake nimeweka saa ya simu. Kipande hiki ni cha juzi usiku. Jina la tamthilia nalifunika kwa sababu ugonjwa huu si wake peke yake. Sebuleni kuna watu tisa, wamejipanga kama wanaopigwa picha ya harusi. Mkamwana anaingia, barua mkononi. Sikilizeni anachosema: "Huyu si damu ya familia hii." Nasimamisha. Sekunde tatu. Sentensi nzuri kabisa, mimi mwenyewe nilikaa sawa kwenye kochi.

Sasa naianzisha saa upya. Mama mkwe anageuka. Radi inapiga, na nje ni mchana kweupe. Uso wake mara ya kwanza. Uso wake mara ya pili, kamera imesogea. Mara ya tatu, sasa tunaona kope. Matoazi. Mume, mara tatu. Kaka wa mume, mara tatu. Wifi, na bangili ya wifi inayoteleza mkononi, maana bangili nayo imepewa picha yake. Bibi kwenye kiti, shanga zake za kusalia zimesimama vidoleni. Mpishi mlangoni ameshika sinia la chai. Huyu mpishi hatumjui jina, hajawahi kusema neno hata moja, na yeye anaonyeshwa mara tatu! Wote wamekwisha, kwa hiyo tunarudi kwa mama mkwe, tunaanza tena. Anafungua mdomo. Anaufunga. Tangazo.

Saa yangu inasema dakika 1 na sekunde 52.

Na tangazo likiisha, wanarudia. Sentensi ile ile, radi ile ile, nusu ya nyuso zile zile. Ngoja niirudishe tena, safari hii nimezima sauti. Angalieni vizuri. Mkitoa matoazi, mnabaki na watu waliosimama bila la kufanya. Hakuna anayeinyang'anya barua, hakuna anayeuliza "nani kakwambia", hakuna anayelia, hakuna anayekaa chini. Hapo ndipo mwandishi alitakiwa awepo. Watu tisa wamesikia neno la kuvunja nyumba, kila mmoja ana siri yake, na hakuna hata mstari mmoja. Shangazi yangu, ambaye ndiye tunatazama naye kila jioni hapa Magomeni, aliweka kikombe chini akasema, "Hawa hawana la kusema." Neno hilo ndilo lililonileta hapa. Kwa nini hawana?

Nitakuwa mkweli, kwa miaka mingi nilikuwa na jibu moja: mwandishi. Nilipomwona Gopi wa Saath Nibhaana Saathiya akiiosha kompyuta ya mumewe kwa maji na sabuni, kisha akaianika, nilisema aliyeandika hili hajawahi kukutana na mwanamke wa kijijini, maana mwanamke wa kijijini ana akili zake timamu. Mwaka 2016, kwenye Sasural Simar Ka, Simar akageuzwa nzi. Nzi, jamani, mke wa watu. Nikasema huyu mwandishi afukuzwe kesho asubuhi.

Tatizo ni kwamba "huyu mwandishi" hayupo. Kule Mumbai kazi hii hugawanywa vipande. Yupo anayetunga hadithi, yaani nani atamwoa nani na nani atakufa. Yupo mwingine anayepanga matukio ya kila siku, onyesho baada ya onyesho. Yupo wa tatu anayeandika mazungumzo tu. Juu yao kuna wabunifu wa kampuni ya utayarishaji, na juu ya hao kuna wabunifu wa stesheni yenyewe, na hadithi haitembei mpaka stesheni ikubali. Waandishi wengi hulipwa kwa sehemu moja moja, na sehemu zinatakiwa tano, sita, hata saba kwa wiki, kila moja kama dakika 22. Kurasa za mazungumzo mara nyingi hufika seti siku ile ile ya kurekodi, na muigizaji anakariri huku akipakwa poda. Hebu jiulize: wewe ni mtu wa mazungumzo, umepewa sebule ya watu tisa saa nne asubuhi, na kamera zinawaka saa sita. Utaandika mistari tisa yenye uzito? Utaandika mmoja, halafu mhariri wa picha atazijaza dakika kwa nyuso.

Kama mnadhani natia chumvi kuhusu kasi hiyo, kumbukeni Machi 2020. Korona ilipofunga seti za Mumbai, akiba ya stesheni ilikwisha upesi mno, skrini zikajaa marudio. Tamthilia yenye sehemu maelfu, na kabatini hamna hata akiba ya mwezi mmoja! Doordarshan, televisheni ya taifa, ikairudisha Ramayan, tamthilia ya Ramanand Sagar iliyorushwa mara ya kwanza kati ya 1987 na 1988, sehemu 78 tu, na India nzima ikakaa kuitazama tena. Ile ilikuwa hadithi inayojua inakokwenda.

Na msiniambie Wahindi hawajui kuandika, hilo silikubali kabisa. Tamthilia ndefu ya kwanza ya Kihindi, Hum Log, ilianza 1984, na maandishi yake yalikuwa ya mtu mmoja, Manohar Shyam Joshi, mwandishi wa riwaya. Familia ya kawaida, baba mlevi, pesa haitoshi, mabinti wanataka kusoma na kuolewa. Ikaenda sehemu zaidi ya 150, ikaisha. Mtu huyo huyo akaandika Buniyaad, ya 1986, kuhusu watu waliong'olewa makwao India na Pakistan zilipogawanywa. Kalamu moja, kichwa kimoja. Ukimpenda unajua umpende nani, ukikasirika unajua umkasirikie nani.

Kilichobadilika ni namba. Stesheni binafsi zilipokuja, kila mtu akaanza kuishi kwa TRP, kipimo cha nyumba ngapi zimetazama. Tangu 2015 anayepima ni BARC, chombo kinachomilikiwa na stesheni, watangazaji wa bidhaa na wakala wa matangazo kwa pamoja. Namba hutoka Alhamisi. Na zinatoka wapi? Mwaka 2020 vifaa vya kupimia vilikuwa kwenye nyumba kama 44,000, katika nchi yenye nyumba zaidi ya milioni 200 zenye televisheni. Takwimu zinaruhusu kupima hivyo, sibishani. Ninachobisha ni kuishika hadithi kwa kamba ya wiki moja. Alhamisi namba imeshuka, Ijumaa kikao, Jumatatu mtu aliyezikwa anabisha hodi.

Hapo sasa sisi watazamaji nasi tumo, na shangazi nimemwambia uso kwa uso. Kyunki Saas Bhi Kabhi Bahu Thi ilianza stesheni ya Star Plus Julai 2000, ya Ekta Kapoor na kampuni yake Balaji Telefilms. Mihir, mume wa Tulsi, mhusika mkuu, akauawa kwenye hadithi. Watu wakalia, wakapiga kelele nchi nzima, na Mihir akarudishwa. Mwandishi alikuwa ameandika kifo, tena kifo chenye uchungu wa kweli, na kelele zetu zikakifuta. Tangu siku ile kila stesheni ilijua kwamba kifo kinaweza kurudishwa dukani kikabadilishwa. Tamthilia ile ilikwenda mpaka Novemba 2008, sehemu 1,833, wazee wakikaribia kuwa rika la wajukuu kwa jinsi miaka ilivyorukwa. Na Julai 2025 imerudi tena, muigizaji Smriti Irani yule yule, Tulsi yule yule.

Lakini lawama yetu ni ndogo, na nitawaonyesha kwa nini. Balika Vadhu. Ilianza stesheni ya Colors Julai 2008, wazo la Purnendu Shekhar: Anandi, binti mdogo wa Rajasthan, anaozeshwa akiwa bado anacheza. Mwaka ule wa kwanza nausifu mpaka leo. Bibi wa ile nyumba, Dadisa wa marehemu Surekha Sikri, alikuwa mkali kwa sababu ukali ndio aliolelewa nao, na taratibu unaanza kumwelewa bila kumsamehe. Hayo ni maandishi. Watu waliipenda, namba zikapanda. Sasa hadithi ya ndoa ya mtoto ina mwisho wake wa asili: mtoto anakua, anaichagua au anaikataa ile ndoa. Anandi alikua. Ikaendelea. Waume wakabadilika, ikaendelea, mpaka 2016, sehemu zaidi ya 2,000. Hapo mtazamaji alikosea nini? Alipenda kitu kizuri. Aliyekataa kukifunga ni yule mwenye saa ya matangazo ya kuuza, maana kipindi kinachopendwa saa mbili usiku ni mali, na kuanzisha kipya ni bahati nasibu.

Mtaniuliza mbona Waturuki wako vizuri. Nao wana ukodoaji wao wa macho, tena mrefu, na sehemu moja huzidi saa mbili. Ila ni moja kwa wiki, mwandishi anapata kupumua. Video ya Kituruki inakuja mwisho wa mwezi, nimeshaanza kurekodi.

Mfano unaoniuma zaidi uko mlango wa pili, Pakistan. Lugha wanaelewana, mama wakwe ni wale wale, ndoa za kupangwa ni zile zile. Humsafar ya 2011, mwandishi Farhat Ishtiaq, sehemu 23. Zindagi Gulzar Hai ya 2012, mwandishi Umera Ahmed, sehemu 26. Jina la mwandishi linajulikana kama la muigizaji. Mwaka 2014 kampuni ya Zee yenyewe ilifungua stesheni iitwayo Zindagi kuwaonyesha Wahindi tamthilia hizo za Pakistan, na Wahindi wakazipenda kweli kweli. Mwaka 2016 siasa za nchi mbili zikachafuka, zikaondolewa. Mtazamaji aliyeambiwa miaka yote kwamba hawezi kula ila vya kukaanga, aliwekewa chakula cha nyumbani akamaliza sahani. Kwa hiyo anayesema "ndicho watu wanachotaka", mimi simkubalii tena.

Basi hukumu yangu, na nimeibadilisha mara mbili nikiandaa video hii. Mtu wa mazungumzo namwachia, amepewa muda wa saa mbili tu na watu tisa. Kampuni za utayarishaji nazilaumu kiasi, zimezoea mno na zinaiga: tamthilia ya nyoka ikipata namba, kila mtu anataka nyoka. Mzigo mkubwa nauweka kwa stesheni. Ndizo zinazoidhinisha hadithi, ndizo zinazotaka siku saba kwa wiki, ndizo zinazosoma namba ya Alhamisi na kugeuza usukani, na ndizo zinazokataa neno mwisho. Hakuna mwandishi duniani anayeweza kutunga vizuri kitu kilichokatazwa kuisha. Siri lazima icheleweshwe, barua lazima isifunguliwe, ndiyo maana mpishi anaonyeshwa mara tatu.

Kuhusu pesa, maana mmeniuliza sana kwenye video iliyopita. Kifurushi chetu kimepanda, na mimi nilikilipia kwa ajili ya tamthilia na mpira. Kama unalipia kwa ajili ya tamthilia za Kihindi peke yake, fanya hivi: tazama sehemu mbili kwa wiki, ya Jumatatu na ya Ijumaa. Nimejaribu mwezi mzima na shangazi, hatujapotea hata siku moja. Zinazobaki katikati ni zile nyuso.

Jumamosi saa tatu usiku tutakuwa laivu, shangazi naye amekubali kukaa mbele ya kamera. Kabla ya hapo niandikieni hapo chini tamthilia moja ya Kihindi mliyoiona ikiisha pale pale hadithi yake ilipoisha, mhusika amepata jibu lake, taa zikazimwa. Moja tu kila mtu, na mniambie aliyeiandika kama mnamjua.