Uzoefu wangu wa tiba ya BCG kwa saratani ya kibofu cha mkojo

Daktari aliponitajia BCG nilidhani amechanganya mafaili. Si chanjo ya kifua kikuu wanayochomwa watoto wachanga? Ndiyo hiyo hiyo: bakteria hai waliodhoofishwa, ila huku wanaingizwa moja kwa moja kwenye kibofu ili kinga ya mwili ishtuke na kuishambulia saratani. Si jambo la majaribio, matokeo ya mwanzo yalichapishwa mwaka 1976. Inawafaa wale ambao saratani yao haijaingia kwenye msuli wa kibofu. Mimi uvimbe ulishakwanguliwa kwa kupitia njia ya mkojo, BCG ikafuata kuuzuia usirudi.

Hospitalini ni mara moja kwa wiki, wiki 6. Unaingizwa mpira wa mkojo, dawa inamiminwa, mpira unatolewa. Inachoma kidogo, basi. Kisha unaibana dawa kwa muda wa hadi masaa mawili, kwa hiyo asubuhi usinywe maji mengi.

Kazi yenyewe iko chooni. Kwa saa 6 baada ya kuitoa dawa unakojoa umekaa, hata wewe mwanamume, mkojo usiruke. Unamimina dawa ya klorini, unafunika, unasubiri dakika 15 ndipo unavuta maji. Nyumba yetu ina choo kimoja, hebu piga picha! Mwanangu akisikia tu harufu ya klorini anageuza njia. Haya yote niliambiwa nikiwa navaa suruali kuondoka. Kuhusu saratani walinieleza hadi nikachoka.

Dozi za mwanzo sikuhisi kitu nikaanza kujisifu. Baadaye ndiyo nikaonja: kukojoa kila mara kwa maumivu, mkojo wenye wekundu, jioni homa ndogo na mwili kulegea kama wa mafua. Kwangu ilipoa ndani ya siku mbili. Homa ikipanda kupita 38.5 au isiposhuka, usijitibu na panadol ukalala. Piga simu, maana bakteria hao wanaweza kusambaa mwilini na dawa yake ni zile za kifua kikuu. Ukienda na maambukizi ya mkojo au damu nyingi wanaahirisha. Niliahirishiwa, nikanuna, lakini walikuwa sahihi.

Sasa niko kwenye dozi za kuendeleza, ambazo zinaweza kufika miaka 3. Ningeichagua tena bila kusita. Kipimo cha kamera cha mwisho kilikuwa safi, na kusema kweli hiyo kamera inaniudhi kuliko BCG yenyewe.