Uzoefu Wangu na Suruali ya Mtumba ya Levi's 501 Katika Maisha ya Chuo

Mwanafunzi anayetegemea fedha ya kujikimu huzoea kununua nguo kwa kutazama bei yake tu, ilhali kinachoonyesha kama fedha ilitumika vizuri ni mara ngapi nguo hiyo itavaliwa kabla ya kuchakaa. Ukigawanya bei kwa idadi ya siku za kuvaa, fulana ya bei ya chini inayopinda mishono baada ya kufuliwa mara chache huwa ghali kuliko vazi zito lililogharimu mara tatu yake. Kwa hesabu hiyo, suruali ya mtumba ya Levi's 501, jinzi ya kampuni ya Marekani ya Levi Strauss, niliyoinunua nikiwa mwaka wa kwanza ndiyo nguo iliyonilipa zaidi kuliko zote nilizonazo.

Nasisitiza kuwa ni ya mtumba. Mpya ya aina hiyo ingekuwa nje ya uwezo wangu, lakini hata kama ningekuwa na uwezo huo, denimu, yaani kitambaa cha jinzi, iliyokwisha kuvaliwa na kufuliwa na mtu mwingine ina faida zake. Kwa kawaida imekwisha kunywea kwa kiasi kikubwa, rangi ya ziada ambayo ingeambukiza viatu vyeupe na mkoba imekwisha kutoka, na mshono uliokuwa na kasoro tangu kiwandani umekwisha kujionyesha. Denimu hufumwa kwa nyuzi za mtande (za wima) zilizotiwa nili, ile rangi ya buluu, na nyuzi za mshindio (za kukingama) zisizotiwa rangi. Nili hukaa juu ya uzi bila kufika kwenye kiini chake, ndiyo sababu suruali hupauka mahali inapokunjika na kusuguliwa. Mpauko wa aina hiyo, unaofuata mapaja na nyuma ya magoti ya mtu aliyeivaa kweli, ni mzuri kuutazama kuliko ule unaotengenezwa kiwandani kwa kusugua nguo mpya.

Uimara wake haukunishangaza nilipojua historia yake. Jacob Davis, fundi cherehani wa Reno katika jimbo la Nevada nchini Marekani, alianza kuweka ribiti za shaba, vile vipini vidogo vya kubana kitambaa, kwenye pembe za mifuko ili suruali za watu wa kazi ngumu zisichanike, na tarehe 20 Mei 1873 yeye na kampuni ya Levi Strauss wakapewa hataza, yaani haki ya kisheria ya kuumiliki ubunifu huo. Mimi si mchimba madini, lakini simu, funguo na kikokotoo vinavyoingia na kutoka mfukoni kutwa nzima ni mzigo wa kutosha, na pembe za mifuko bado ni nzima.

Sehemu iliyohitaji uangalifu mkubwa ni kuchagua. Lebo huonyesha namba mbili, ya kiuno na ya urefu wa ndani ya mguu, zote kwa inchi, lakini katika mtumba namba hizo ni za kuanzia tu, kwa sababu huenda suruali imenywea, imetanuka au imekatwa na mwenyewe wa kwanza. Mimi huchukua vipimo vya suruali yangu inayonikaa vizuri, nikaviandika kwenye simu, kisha nikaenda na futi kamba. Suruali hulazwa mahali tambarare, vifungo vikafungwa, ukanda wa kiuno ukapimwa kutoka ncha hadi ncha na jibu likazidishwa kwa mbili. Baada ya hapo hupimwa nyonga, paja, na urefu wa mbele kutoka mshono wa katikati ya miguu hadi kiunoni. Kipimo hiki cha mwisho ndicho ninachokisisitiza kwa kila rafiki anayeniomba ushauri: mguu mrefu hukatwa na kiuno kipana hupunguzwa, lakini suruali fupi kiunoni haina pa kuongezewa.

Kisha inyanyue dhidi ya mwanga, hasa kati ya mapaja, kwani hapo ndipo denimu hufia kwanza. Kitambaa kikipitisha mwanga zaidi kuliko mahali pengine, iache, hata kama bei inavutia. Soma pia lebo ya ndani, kwa kuwa zipo 501 za pamba tupu na zipo zilizochanganywa na elasteni, nyuzi zinazovutika. Mimi nilichagua pamba tupu. Suruali za kuvutika nilizowahi kuvaa, za kampuni nyingine, zilikuwa laini siku za mwanzo, lakini zilifura magotini na hazikurudia umbo lake, kwa sababu elasteni hudhoofika kwa joto na kwa kuvutwa mara kwa mara.

Gharama ya fundi cherehani iingizwe kwenye bajeti tangu mwanzo. Suruali yangu ilikuwa kubwa kidogo kiunoni na ndefu miguuni, na fundi aliikaza katika mshono wa nyuma wa katikati, akafupisha miguu huku akirudishia pindo la asili ili ule mpauko wa mawimbi ulioko chini usipotee. Kukaza kiuno kuna mpaka: ukizidi inchi mbili hivi, mifuko ya nyuma hukaribiana na umbo zima la nyuma huharibika. Ila kwa mabadiliko hayo madogo, suruali iliyokuwa ya mtu nisiyemjua ilinikaa kana kwamba nilipimwa, na naamini kwa dhati kwamba mwanafunzi mwenye nguo chache zinazomkaa mwilini huonekana nadhifu kuliko mwenye kabati lililojaa nguo zisizomkaa.

Katika kuvaa, mguu wake ulionyooka umenisaidia sana, kwa kuwa haukuwa wa mtindo wa msimu mmoja. Naivaa na fulana na raba nikienda kwenye mihadhara, na sweta nikikesha maktaba, na shati la pamba lililochomekewa, mkanda na viatu vya ngozi nikiwa na wasilisho mbele ya darasa. Usaili wa kazi ni jambo jingine. Hapo natafuta suruali ya kitambaa, na asomaye chuo chenye kanuni za mavazi azisome kabla ya kununua denimu ya aina yoyote.

Kasoro zake ni za kweli. Ni nzito, hukauka polepole, na siku ya joto kali haifurahishi hata kidogo. Vifungo badala ya zipu huchosha vidole mpaka utakapovizoea. Anayefua kwa mikono ataona uzito wake ikilowa, ingawa denimu haihitaji kufuliwa kila inapovaliwa: mimi huianika mahali penye hewa baada ya kuivaa, na ninapoifua huigeuza ndani nje, nikatumia maji baridi na kuianika kivulini ili nili isipotee haraka.

Ningependekeza suruali hii kwa mwanafunzi anayeweza kusubiri, kwa sababu kupata saizi sahihi katika mitumba kunaweza kuchukua majuma, na kwa yule ambaye ana fundi anayemwamini. Mwenye haraka, anayehitaji kitu cha kuvaa wiki hii, ni heri anunue suruali mpya ya kawaida ya pamba nene inayomkaa nyonga na urefu wa mbele, bila kujali jina lililo kwenye lebo.