Unaenda vijijini kutokea Dodoma? Nunua laini kabla ya simu

Nyumba niliyofikia ng'ambo ya Mpwapwa, njia ya Kibakwe, ilikuwa na msumari juu ya dirisha la sebule. Kwenye msumari kuna kikapu kidogo cha ukindu, na ndani ya kikapu kitochi, simu ndogo ya vitufe, cha mama mwenye nyumba. Mimi nilikuwa uani, nimenyanyua simu yangu ya laki sita kama mtu anayeomba mvua. Akaniangalia weee, kisha akasema, "Mwanangu, hapa mtandao unashika pale kwenye msumari tu. Na huo wako hata pale haushiki."

Kampuni ya laini yangu haikuwa na mnara upande ule wa mlima, ingawa wakala aliyeniuzia bando mjini aliniapia kwamba ipo nchi nzima. Tangu siku hiyo, nikisafiri, hela yangu inatoka kwa mpangilio huu.

1. Laini ya pili, ya kampuni nyingine

Ndiyo ya bei ndogo kuliko vyote na ndiyo inayookoa safari. Usiichague kwa tangazo. Mpigie mwenyeji, mwalimu au dereva wa basi la huko, umuulize: "Mtandao gani unashika ndani ya nyumba?" Sisitiza ndani, maana nje kila mtu atakwambia upo. Na uliza kijiji chenyewe. Jibu la Kondoa mjini si jibu la vijiji vya milimani, na la Kilimatinde juu ya ukingo wa Bonde la Ufa si la Bahi kule chini. Kilima kimoja kinaweza kukunyima mtandao ukiwa kilomita chache tu kutoka kwenye mnara, huku mchunga ng'ombe aliye mbali mbugani anapiga soga.

Wengi hukimbilia Halotel kwa mazoea, kwa kuwa ilipoanza mwaka 2015 iliingia vijijini mapema. Lakini Vodacom, Airtel, Yas (Tigo ya zamani) na TTCL nazo zimesimamisha minara, mingine kwa ruzuku ya Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote. Kwa hiyo jibu ulilopewa mwaka juzi limeshachacha. Uliza upya.

Sajili mjini, kwa namba ya NIDA na alama za vidole, kisha piga *106# uhakikishe laini imesoma jina lako. Ile inayouzwa mkononi ikiwa tayari imesajiliwa kwa jina la mtu, achana nayo. Weka salio la kawaida pamoja na bando, na uache pesa kidogo kwenye akaunti ya simu: menyu za *150* hazihitaji intaneti, 2G inazitosha.

2. Kitochi cha laini mbili

Najua, unayo simu janja. Shida ni kwamba ikihangaika kutafuta mnara wa mbali inamaliza chaji kabla ya jioni, wakati kitochi kinakaa siku kadhaa na tochi yake unaitumia kuendea chooni. Chagua chenye tundu la kufungia kamba, misumari utaikuta.

Kabla hujalipa, bonyeza *#06#, chukua namba ya IMEI, yaani namba ya utambulisho wa simu yenyewe, na uitume kwa ujumbe mfupi kwenda 15090. Ujumbe ukirudi na jina la simu tofauti na lililoandikwa kwenye boksi, mrudishie muuzaji mzigo wake. Juni 2016 simu bandia zilizimwa nchi nzima, na wapo waliobaki wameshika vipande vya plastiki.

3. Pawabenki

Chukua ya mAh 10,000 (mAh ni kipimo cha chaji inayobebwa na betri). Usitegemee yote ikufikie: hesabu hiyo ni ya volti 3.7 za betri, nawe unachaji kwa volti 5, na nyingine inapotea kwa joto. Ukipata mAh elfu sita na kitu, shukuru. Ile nyepesi kama andazi iliyoandikwa 50,000 ni maandishi tu. Kuanzia Juni hadi Oktoba jua la Dodoma halina utani, hivyo paneli ndogo ya sola ni nyongeza nzuri, ila paneli ndiyo ikae juani. Simu na pawabenki ziwe kivulini.

4. Simu janja mpya

Kama iliyopo inafanya kazi, usinunue. Ukilazimika, hakikisha inashika 4G ya bendi 20 na 28, ambazo mawimbi yake hufika mbali zaidi. Mtandao ukiwa unakuja na kuondoka, ingia kwenye mipangilio uiache 2G peke yake. Ujumbe mfupi mara nyingi utapenya hata simu ya sauti ikigoma.

5. Mifi

Ni kifaa kidogo cha kugawa intaneti ya laini kwa Wi-Fi, na kinatumia mnara uleule. Nunua kama mko kundi na kompyuta, basi.

6. Simu ya satelaiti

Thuraya au Iridium ni mamilioni ya shilingi, muda wa maongezi wake ni ghali, na inataka kuona anga: chini ya bati haisemi kitu. Inamfaa anayelala wiki nzima kwenye mapori ya akiba ya Rungwa au Kizigo. Huyo naye apite kwanza TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, kuulizia kibali.