Vikao sita vya ushauri nasaha kijijini: nilivyoviona

Huduma yenyewe ni ushauri nasaha wa kutatua matatizo: vikao 6, kimoja kwa wiki, kama dakika 45 kila kimoja, katika kituo cha afya cha ukanda wa mwani, mashariki ya Unguja. Kituo sikitaji. Mtindo ni ule wa benchi la Zimbabwe alioanzisha Dk. Dixon Chibanda mwaka 2006, mabibi waliopewa mafunzo wanakaa na mtu nje ya kliniki na kumsikiliza. Huku kwetu benchi liko chini ya mwembe.

Na mwembe huo unatazamana na foleni ya dirisha la dawa. Ukikaa pale, magharibi haijaingia kijiji kizima kishajua. Ombeni zamu ya mchana foleni ikishakwisha, au chumba cha chanjo siku kisipotumika. Mimi niliomba nikapewa bila ya maneno, kwa hiyo tatizo si uhaba wa nafasi, ni kwamba hakuna anayefikiri kukwambia.

Kikao cha kwanza ni dodoso la maswali 9 kuhusu siku 14 zilizopita. Kila jibu lina alama 0 hadi 3, jumla ya juu 27, na kuanzia 10 huhesabiwa ni dalili za sonona, yaani ugonjwa wa huzuni iliyozidi, za kufuatiliwa. Hapa ndipo mambo yanapoharibika. Ukimuuliza mtu "siku ngapi?" atakwambia "mara moja moja". Mshauri anayejua kazi hushika Ijumaa: "Tangu Ijumaa ya juzi mpaka leo, mara ngapi umeamka saa tisa za usiku na usingizi usirudi?" Hesabu inatoka yenyewe. Tena watu hawasemi wana huzuni, husema roho inadunda, kichwa kizito, mwili hauna raha. Anayesubiri neno huzuni ataandika sifuri.

Swali la 9 ni la kutamani kufa au kujidhuru. Jibu lolote juu ya sifuri hufuatiliwa siku hiyo hiyo. Nililoulizwa mimi lilisomwa haraka, macho kwenye karatasi, kwa haya. Ukiulizwa hivyo utajibu "astaghfirullah, la", na mlango umefungwa.

Vikao vya pili hadi vya tano ndiyo huduma hasa, na hapa nawapa haki yao. Unataja shida zote, unachagua moja, unaipunguza mpaka ishikike. "Sina pesa" haishikiki. "Nadaiwa 60,000 dukani, nazunguka njia ya nyuma nisionane na mwenye duka" inashikika. Kisha unatoa njia zote, hata za kipuuzi, bila ya kuzihukumu: kusubiri zamu ya upatu, kuuza kuku, kwenda kuzungumza. Unachagua moja na kuipa siku na saa: Jumatatu baada ya alasiri, na 5,000 mkononi. Wiki ijayo swali la kwanza ni hilo tu, ulikwenda? Kama hukwenda, mshauri hapaswi kukulaumu. Hatua ilikuwa kubwa, ikatwe. Wa kwangu alianza kunipa nasaha za subira badala ya kuikata, nikamkumbusha. Subira ni njema, lakini hiyo ningeipata msikitini. Kisomo na dua, kwa taarifa, havigongani na vikao hivi, ila mshauri aambiwe mapema na nani mwengine anakutibu.

Ratiba ni kichekesho. Kikao cha kila wiki saa nne asubuhi maana yake wiki moja maji mafu, bahari haitoki sana, wiki ya pili bamvua, inatoka mbali, na bamvua maji hutoka saa hizo hizo, wanawake wote wamo baharini kwenye mwani. Kisha kadi inaandikwa "hakuhudhuria". Siku ya kwanza tu semeni: wiki za bamvua tupangiwe baada ya adhuhuri.

Kikao cha sita dodoso hurudiwa. Kushuka alama 5 au zaidi ni nafuu ya kweli, alama 1 au 2 si kitu. Isiposhuka, rufaa ni mjini, hospitali ya wagonjwa wa akili ya Kidongo Chekundu, jina ambalo wengi hulikimbia kabla hawajafika. Ombeni karatasi ya rufaa iandikwe alama zote mbili, za mwanzo na za mwisho, pamoja na dawa yoyote unayomeza, la sivyo mtaanza upya kuanzia swali la kwanza.