Hapa Hapakaliwi: Uzoefu Wangu wa Kupanga Mji Mkongwe

Nilikuwa nimeshaandika maoni mazuri kuhusu nyumba hii. Marefu, ya kusifu, mpaka nikajionea haya mwenyewe. Nikayaacha kwenye simu nipate kuyapitia asubuhi. Asubuhi ndiyo likatokea hili la baraza, nikafuta yote. Kwa hiyo haya mnayosoma ni ya hasira, na nayasema mapema ili mtu asije akaniuliza mbona umekasirika dada. Nimekasirika.

Mama yangu ana miaka sabini na kitu na nyonga moja imeshachoka. Tunakaa Hurumzi, ndani ya Mji Mkongwe wa Zanzibar, ghorofa ya pili, na ngazi zetu ni zile za nyumba za kale, zimesimama kama ukuta. Vidato 27. Najua kwa sababu mama huvihesabu kwa sauti akishuka. Akifika cha mwisho hukaa. Si kwa kupenda. Asipokaa kidogo mguu haumfuati. Na pale mlangoni pana baraza la mawe lililopakwa chokaa, limejengwa pamoja na nyumba yenyewe, limekaliwa na watu ambao wajukuu wao sasa ni wazee. Mama hukaa dakika tano, hujipangusa uso kwa mtandio, hupokea salamu za wapitao, ndipo tukaenda zetu.

Siku hiyo nilikuwa nimetangulia soko la Darajani kutafuta samaki kabla hawajapanda bei. Narudi namkuta amesimama katikati ya kichochoro, mkono mmoja ukutani, vespa nyuma yake inampigia honi. Juu ya baraza pamewekwa vyungu viwili vya maua ya plastiki na kamba nene nyekundu, ile ya kuzuilia watu kwenye sherehe, ina kulabu za rangi ya shaba. Kijana wa mkahawa wa chini, fulana ya kazi imepigwa pasi mpaka mikononi, akaniambia mie, wala hakumtazama yeye: "Nishamwambia bi mkubwa, hapa hapakaliwi. Hapa pa wateja."

Hapakaliwi. Neno hilo limenikaa kama mwiba wa chewa. Angalisema samahani mama, leo tuna wageni, ningelimsamehe, pengine. Angalimtolea kiti cha plastiki, ningelimnunulia yeye soda. Lakini hapakaliwi! Kama mtu asemavyo maji ya bahari hayanyweki, jambo la maumbile, halina mwenye kulaumiwa. Nikamuuliza nani kasema hapakaliwi. Bosi. Bosi yuko wapi? Kasafiri. Mabosi wote niliopata kuwatafuta maishani mwangu wamesafiri.

Mama akanishika kiwiko. "Mwache mwanangu, katumwa." Mgongoni mwa buibui lake palikuwa na doa jeupe la chokaa, upana wa kiganja, kwa kuwa alikuwa ameshaegemea ukuta alipoinuliwa. Nikampangusa pale pale njiani, halikutoka. Nilipangusa kwa nguvu mpaka akaniambia namuumiza.

Sasa nije kwa dalali, maana huyu ndiye aliyeniuzia maneno. Mwaka juzi, au tuseme kabla ya masika yale makubwa, alinizungusha vichochoroni huku akinihesabia kwa vidole: "Dada, hapa gari la nini? Nauli ya nini? Soko dakika kumi. Forodhani dakika tano. Bustani ya Jamhuri robo saa, hospitali ya Mnazi Mmoja umeshafika. Na mji wenyewe urithi wa dunia." Hili la urithi ni kweli, UNESCO waliuandikisha mwaka 2000, na kodi nayo ilikuwa ya urithi wa dunia. Miezi sita mbele, na mwezi mmoja wa kwake dalali juu yake. Dakika zake zilikuwa za miguu yake. Robo saa ya Jamhuri kwa mama ni dakika arobaini.

Nitasema jambo litakaloharibu hasira yangu. Dakika arobaini hizo ndizo zilizonifanya nilipe.

Kabla ya hapo tulikuwa Fuoni, nje ya mji. Nyumba ya chini, uwanja, mwembe, hakuna kidato hata kimoja. Mama alikaa ndani miezi. Kliniki ikifika, ni daladala: kugombania mlango, goti la mtu mbavuni, utingo anapiga bodi "sogea mama sogea", na ukishushwa mjini bado safari ipo na bodaboda mama hapandi, anasema hajafika umri wa kukumbatia vijana migongoni. Akirudi hulala siku mbili. Siku nyengine zote aliuona ulimwengu kupitia dirisha la nondo, na ulimwengu wenyewe ulikuwa mwembe.

Huku alianza kutoka wiki ya kwanza. Nilimsindikiza nikidhani tutafika nusu tugeuze. Kumbe alikuwa na vituo vyake, kama daladala, akavipa na majina. Kituo cha kwanza, mlangoni petu. Cha pili, kwa fundi cherehani, anayekukaribisha bila kuondoa sindano mdomoni. Cha tatu, baraza la nyumba iliyofungwa, mlango wake wa nakshi una kufuli yenye kutu, mama humwombea dua mwenyewe hata hamjui. Jaws Corner, kile kijiwe cha kahawa pale Sokomuhogo, hapakai, anasema wanaume wa pale wakiingia kwenye siasa kahawa inapoa na sauti zinapanda. Hupita akasalimia kwa jumla, wote wakaitikia kwa jumla, dhumna zikasita kidogo. Cha nne, karibu na msikiti. Halafu kichochoro kinafunguka ghafla, unaona anga, unaona miti, umefika Vuga, na Bustani ya Jamhuri hiyo.

Pale ananunua njugu. Hukaa benchi ya kivulini inayotazama watoto, hachoki kuwatazama, na siku ya kliniki tunaondoka hapo tukiwa tumeshapumzika, Mnazi Mmoja ni ng'ambo tu ya pale. Sikukuu viwanja vile vikijaa watoto na nguo mpya na firimbi, mama alikataa kurudi nyumbani mpaka magharibi. Daktari alimuuliza anafanya mazoezi gani. Akajibu, "Nnakwenda kukaa."

Ndipo nilipofahamu mji huu umejengwa vipi. Watu wa kale hawakuweka mabaraza kwa ajili ya picha za wageni. Mvua ikinyesha vichochoro vinakuwa mito, watu hupita juu ya mabaraza miguu isilowe. Jua likiwaka, kuta zile nene na ndefu zinatupa kivuli na baraza linakuwa baridi kama mtungi. Mwenye kuuza kahawa anapita na vikombe vyake vinalia, huna haja ya kwenda kwenye kahawa, kahawa inakuja. Mtu mwenye nyonga mbovu anatembea mji mzima kwa sababu kila baada ya hatua thelathini pana pa kuweka mwili. Ukimwondolea baraza moja umemfungia njia yote. Na wamemwondolea la kwanza! La chini ya ngazi, ambalo bila hilo la pili hafiki.

Nyota moja basi. Nilipofika hapa niliamua nyota moja.

Lakini siwezi kuandika maoni ya mtaa huu nikaiacha Forodhani, nitakuwa muongo. Magharibi ikishaingia tunashuka polepole, tunapita nyuma ya jumba la Beit al-Ajaib, tunatokea baharini. Wakubwa wangu wakiiita Jubilee. Bustani ya sasa ni ile iliyotengenezwa upya kwa kazi ya taasisi ya Aga Khan ikafunguliwa 2009. Taa zinawashwa, moshi wa mishkaki unapanda, wauza juisi ya miwa wanapitisha muwa kwenye mashine na ndimu na kipande cha tangawizi mara mbili, tatu, mpaka ubaki makapi makavu. Bei ukiuliza kwa Kiswahili cha nyumbani ni nyengine, na ukiuliza kwa kusitasita ni nyengine. Wavulana wanakimbia kutoka mbali, wanajirusha baharini kutoka ukutani, mmoja kachupa huku ameshika pua, mwengine kageuka hewani mara mbili. Mama huwahesabu. Akiibuka wa mwisho ndipo anapomalizia urojo wake. "Wametimia," husema, kana kwamba alikabidhiwa. Hakuna siku hata moja mtu aliyemwambia pale hapakaliwi, na pale kila mtu anauza kitu.

Nyota nne, kwa Forodhani peke yake. Ila Forodhani si ya dalali.

Nyumba yenyewe nitaipitia mbio. Mchana ni baridi bila feni, sifa hiyo naitoa. Masika, ukuta wa kaskazini unatoka jasho, nguo kabatini zinanuka uvundo, na usiku mmoja kipande cha lipu ukubwa wa sahani kiliangukia kando ya mto wangu. Mwenye nyumba alisema nyumba za kale hizo zinapumua. Beit al-Ajaib nalo, jumba la 1883, lilikuwa likipumua mpaka sehemu yake ikaporomoka Disemba 25, 2020. Nilihamisha kitanda. Mtungi wa gesi unaletwa na hamali kwa mkokoteni, hodi hodi njia nzima, na vidato 27 vina bei yake mbali. Vespa zisingekuwapo ingekuwa kheri zaidi. Mengine madogo.

Nirudi kwenye baraza.

Siku ya pili mama hakushuka. Ya tatu hakushuka. Nikaenda mkahawani kumtafuta bosi, kasafiri. Nikamwambia kijana maneno ambayo sitayaandika hapa, akasikiliza ameinamisha kichwa, akiikunja na kuikunjua kamba ile mkononi. Nikapanda juu nikiwa nimeridhika kidogo na nimejidharau kidogo. Nikampigia dalali nikamwambia anitafutie Fuoni. Akacheka. "Fuoni? Huondoki huku, dada." Nikakata simu.

Halafu siku moja, juma hilo hilo au lililofuata, naamka saa moja na nusu asubuhi namwona mama hayumo chumbani. Nikashuka vile vidato sijui kwa miguu gani. Yuko chini. Kakaa barazani pale pale, vyungu vimesukumwa kando, kamba imening'inizwa kwenye msumari, na kijana yule amechutama mbele yake, ana kikombe cha kahawa mkononi, anacheka. Aliponiona akasimama wima kama askari.

"Huyu mjukuu," mama akasema. "Wa Micheweni, Pemba. Nyanya yake mzaa baba nilisoma naye chuo cha Kurani."

Nikamuuliza kajuaje. Akanitazama kama mtu aliyezaa mjinga. "Tangu siku ile aliposema hapakaliwi. Alivyolivuta neno, mie nikajua huyu wetu. Nilingoja tu hasira zako zishuke."

Siku zote mbili zile nilizokuwa nikizunguka chumbani nikipigana na bosi hewani, yeye alikuwa akingoja hasira zangu.

Mpango wao ni huu: mkahawa unafunguliwa saa mbili. Mpaka saa mbili baraza ni la bibi. Ikipiga saa mbili kamba inarudi, vyungu vinarudi, na wote wawili wanajifanya hawajuani, maana bosi, ambaye mie bado sijamwona, ana macho ya kamera juu ya mlango. Akitaka kutoka baada ya hapo kijana hupanda juu, humpa mkono vidato vyote, humfikisha mpaka kwa fundi cherehani, kisha hurudi mbio kazini. Mama anaona ni jambo zuri kupita lilivyokuwa. Mie naona ni wizi. Wamechukua baraza la siku nzima, wametukopesha saa moja, na tunashukuru! Nimemwambia hivyo. Akaniambia niandike, si napenda kuandika.

Basi ninaandika. Dalali: nyota moja, na kwa ule mwezi mzima niliomlipa namdai maelezo. Nyumba: nyota mbili, tatu kiangazi. Mkahawa wa chini hata sifuri ni nyingi, na kahawa yao, nimeonja ile aliyopewa mama, ni nzuri, jambo linaloniudhi zaidi. Mtaa siutii nyota kwa sababu kila nikiandika nambari naifuta.

Kodi inakwisha mwezi ujao. Juzi nilimkuta mama akinihesabia fedha za miezi sita juu ya mkeka, noti moja moja, kabla hata sijamwambia nimeamua nini. Buibui lake lilikuwa limetundikwa nyuma ya mlango. Lile doa la kwanza halijatoka, nimelifua mara mbili. Chini yake kidogo, upande wa kushoto, pana jipya.